Mgonjwa wa saratani ya koo asiachwe alale tu

 

Ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo halizoeleki katika kurasa za dini, nalo ni mazoezi ya misuli ya kupumulia kwa wale waliopatwa na saratani za kichwa na shingo. Huenda msomaji akauliza: hayo si mambo ya hospitali? Naam, ni ya hospitali. Lakini mgonjwa hukaa hospitalini wiki chache na nyumbani hukaa miaka, na huko nyumbani ndiko mambo yanakoharibika, tena yanaharibiwa na watu wanaompenda. Akirudi anatandikiwa kitanda, anaambiwa asijisumbue, analetewa kombe na maji ya Zamzam, anasomewa na kuombewa. Pumzi yake haiulizwi na mtu. Baada ya miezi kadhaa anapata homa, anatoa makohozi mazito, anarudishwa hospitalini na nimonia, na akifariki watu husema saratani ilirudi. Mara nyingine hakika huwa imerudi. Mara nyingine kilichomuua ni mate yake mwenyewe na uji aliokuwa akinyweshwa, vilivyokuwa vikiteremka katika njia ya hewa badala ya njia ya chakula, na yeye hana nguvu ya kuvikohoa.

Saratani za kichwa na shingo ni jina la jumla la saratani za mdomo, ulimi, koo, kisanduku cha sauti, pua na nafasi iliyo nyuma yake, pamoja na tezi za mate. Saratani ya ubongo haihesabiwi humo. Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 peke yake watu zaidi ya 377,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya midomo na kinywa, na wengine zaidi ya 184,000 saratani ya kisanduku cha sauti. Sababu zake kubwa zinajulikana: tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, pombe, na popoo. Shirika hilo hilo lilichapisha mwaka 2004 uamuzi wake kwamba popoo, hata isipochanganywa na tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu. Nasi watu wa pwani tambuu bado tunaipitisha kwenye sinia za harusi kana kwamba ni peremende. Hata hivyo wako wanaopata maradhi haya bila ya kuvuta wala kutafuna chochote, kwa sababu ya virusi, kwa hiyo asitokee mtu akaenda kumzuru mgonjwa na kuanza kumhoji alikuwa anatumia nini.

Tiba zake ni upasuaji, mionzi na dawa za kemikali, na mara nyingi huchanganywa. Mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki sita hadi saba. Hutibu, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, lakini huacha alama. Mate hukauka. Taya hukaza. Misuli ya koo iliyokuwa laini kama mpira hugeuka migumu kama kamba iliyolowa chumvi ikakauka, na ugumu huo haukomi siku mionzi inapokwisha, kwani unaweza kuzidi kidogo kidogo kwa miaka. Ndiyo maana tunasema neno "amemaliza tiba" linatamkwa mapema mno katika nyumba zetu.

Tuzingatie sasa kazi ya kukohoa, kwa sababu jambo lote limesimama hapo. Mwenye afya anapopaliwa na tonge au funda la chai, mwili wake hufanya mambo matatu kwa mpigo. Huvuta hewa kwa kiwambo na misuli ya mbavu. Kisha hufunga kisanduku cha sauti barabara, hewa ikabanwa kifuani. Halafu misuli ya tumbo na ya mbavu husukuma kwa nguvu, mlango ukafunguliwa ghafla, na hewa ikatoka kwa kasi ikibeba kile kilichopotea njia. Mgonjwa wetu amepungukiwa katika yote matatu. Amelala wiki nyingi na amekonda, kwa hiyo misuli ya kifua na tumbo imenywea. Mlango wa kooni haufungi vizuri kwa sababu ya mionzi au kisu. Na hisia za koo zimefifia, kiasi kwamba anaweza kupaliwa bila ya kukohoa hata mara moja. Huko ndiko kupaliwa kimya kimya, na ndiko tunakokuogopa zaidi, kwani aliyekaa pembeni na kijiko huona mgonjwa anameza vizuri, akamshukuru Mola na kuongeza kijiko kingine.

Dalili zipo kwa anayezitafuta: sauti inakuwa ya majimaji baada ya kunywa, pumzi inabadilika wakati wa kula, homa ndogo ndogo zinajirudia, uzito unapungua. Nyumba iliyoona moja ya hizi isingoje tarehe ya kliniki.

Katika haya, misuli ya kupumulia ni jambo mojawapo linaloweza kurudishiwa nguvu kwa juhudi ya mgonjwa mwenyewe. Ugumu ulioletwa na mionzi hautaondoka kwa mazoezi haya, wala hisia zilizopotea hazitarejea kwa kutaka kwetu. Lakini misuli ya tumbo, ya mbavu na kiwambo ni misuli kama ya mkono wa mchukuzi. Ikipewa mzigo huongezeka nguvu, na ikipumzishwa mno hupotea.

Kifaa kinachotumika ni kibomba kidogo cha plastiki kinachoenea kiganjani. Ndani yake mna kilango kinachobanwa na springi. Mgonjwa huketi wima, hubana pua, huvuta pumzi kwa kina, hufumba midomo kwa nguvu kuzunguka mdomo wa kibomba, kisha hupuliza kwa haraka na kwa nguvu mpaka kilango kifunguke. Asipofikisha nguvu iliyopangwa, hakifunguki. Springi hukazwa kadiri misuli inavyopata nguvu, na nguvu yenyewe hupimwa kwa sentimita za maji. Mpango uliozoeleka ni kupuliza mara tano, kupumzika, na kurudia hivyo duru tano, yaani pumzi 25 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne hadi nane au zaidi, na mtaalamu akirekebisha springi kila wiki. Aghalabu huanzia kwenye robo tatu hivi ya nguvu ya juu kabisa aliyo nayo mgonjwa siku aliyopimwa. Viko pia vifaa vya namna hiyo vya kuzoeza misuli ya kuvuta pumzi, ambavyo kazi yake ni kumsaidia mgonjwa kujaza kifua. Lakini kwa suala la kupaliwa na kukohoa, kilichochunguzwa zaidi ni kile cha kupuliza. Kupuliza huko kwa nguvu kunazoeza pia misuli iliyo chini ya kidevu, ambayo ndiyo inayonyanyua kisanduku cha sauti wakati wa kumeza.

Je, kuna ushahidi? Upo, na tuueleze kwa kadiri yake bila ya kuutia chumvi. Mwaka 2010 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti wa watu 60 wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao nao hupaliwa sana. Nusu walipewa kifaa cha kweli na nusu kifaa kisicho na uzito, na baada ya wiki nne waliopewa cha kweli wakawa wanameza kwa usalama zaidi. Mwaka 2018 wataalamu wa kituo cha saratani cha MD Anderson kilichoko Houston walieleza hali ya wagonjwa waliokuwa wakipaliwa baada ya mionzi ya kichwa na shingo. Waliofanya mazoezi kwa wiki nane, nguvu yao ya kutoa pumzi iliongezeka, na usalama wa kumeza ukaimarika. Hao hawakuwa na kundi la kulinganishwa nalo, na tafiti nyingine za wagonjwa wa namna hii ni ndogo. Kwa hiyo mwenye insafu atasema: kwamba misuli hupata nguvu, hilo limeonekana waziwazi, kwamba kila mgonjwa atameza vizuri zaidi au ataishi zaidi, hilo halijathibitishwa. Sisi tunaona kiasi hicho kinatosha kuifanya familia imuulize daktari habari ya mazoezi haya, na hakitoshi kumuahidi mgonjwa mambo makubwa.

Wala si kila mtu wa kuyafanya. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, aliyepata kiharusi karibuni, mwenye pumu isiyotulizwa, mwenye ngiri, aliyetoboka ngoma ya sikio, aliyewahi kuvuja hewa nje ya pafu, na kila ambaye kidonda cha upasuaji bado ni kibichi, asiguse kifaa hicho mpaka daktari wake aseme. Kupuliza kwa nguvu huinua msukumo kifuani, tumboni na kichwani, na mshono mbichi wa kooni unaweza kuachia. Anayesikia kizunguzungu asimame pale pale. Na tunamuomba msomaji asikinunue kifaa sokoni akampelekea mama yake kama zawadi, kwani kisichopimwa hakijulikani kama ni chepesi mno kikawa mchezo, au kizito mno kikawa madhara.

Kwa wasio na kifaa, wataalamu wa tiba ya viungo hufundisha njia za nyumbani. Ipo ya kuvuta pumzi kwa kina huku mkono umewekwa juu ya tumbo, ili mgonjwa auone mkono ukiinuka. Ipo ya kutoa pumzi kwa mhemo wa nguvu, mdomo wazi, kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo, ili makohozi yapande. Na ipo ya chupa: maji safi hutiwa ndani ya chupa, mpira mnene huzamishwa humo, na mgonjwa hupuliza taratibu mpaka mapovu yachemke. Kina cha maji ndicho uzito wenyewe. Mpira ukizama sentimita 10, mgonjwa anashindana na sentimita 10 za maji. Hapo msomaji atafahamu tofauti: chupa hulegeza makohozi na kufungua mapafu, lakini haifiki popote karibu na kifaa cha springi, ambacho baadhi ya aina zake hukazwa hadi sentimita 150. Sharti la chupa ni kwamba mgonjwa asivute hata kidogo kupitia mpira ule, maana maji yatakwenda moja kwa moja kule tunakokuogopa, na yeyote anayepaliwa asiijaribu bila ya mtaalamu kuwapo.

Huenda akatokea mtu akasema Mtume (S.A.W.) amekataza kupuliza ndani ya chombo. Ni kweli, katazo hilo limepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, nalo ni adabu ya kunywa. Maji ya chupa hii hayanywewi na mtu, humwagwa baada ya zoezi na chombo kikasafishwa.

Tumesema kwamba mambo huharibiwa na wanaompenda mgonjwa, na hatuna budi kulifafanua, ingawa tunajua baadhi ya wasomaji wetu hawatapendezwa. Kombe, Zamzam, asali na mafuta ya habasoda vinaingia chumbani kwa mgonjwa wa koo mikononi mwa kila mzuru. Mgonjwa kwa haya na adabu hakatai. Kila shangazi aliyetoka mbali lazima anyweke kikombe chake. Sasa basi, katika vyote anavyoweza kumeza mtu mwenye koo bovu, maji mepesi ndiyo magumu zaidi kuyadhibiti, kwa sababu yanakimbia kabla ya mlango kufungwa. Mafuta nayo yakiingia mapafuni huleta nimonia ya aina yake ambayo mwili unashindwa kuisafisha. Kwa hiyo kile kilichokusudiwa kuwa baraka kinaweza kuwa ndicho kinachomzamisha.

Hatukatazi kuomba wala kusoma. Qur'ani ni shifaa na rehema kwa waumini, hilo limo ndani ya Kitabu chenyewe, na hakuna Muislamu anayelitilia shaka. Lakini ruqya aliyoifanya Mtume (S.A.W.) na Masahaba zake ilikuwa kwa kusoma, kwa kupuliza kidogo na kupangusa kwa mkono, na hilo halimlazimu mgonjwa kumeza chochote. Asomewe Al-Fatiha na Al-Muawwidhatayn, apanguswe kifua, aloweshwe midomo kwa kitambaa chenye Zamzam akipenda. Kunywa kuachwe mpaka mtaalamu wa kumeza aseme ni kiasi gani, kizito namna gani na kwa mkao upi. Mlango wa chumba ungefaa uwe na mlinzi, mtoto mkubwa au mke, mwenye ulimi laini wa kumwambia shangazi: tunashukuru, weka hapa, tutampa kwa kipimo.

Wako wengine wanaosema mazoezi ya mashine na springi ni uhaba wa tawakkul. Tunawauliza, tawakkul ipi? Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama watafute tiba, aliwaamuru waitafute na akawajulisha kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa, isipokuwa uzee. Na yule aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwa kumtegemea Mwenyezi Mungu alielekezwa kwanza amfunge. Kufunga ngamia kwa mgonjwa wetu ni pumzi zile 25. Akizipuliza halafu akainua mikono kumuomba Mola wake, huyo ndiye aliyekamilisha mawili. Akilala akaomba tu, hali daktari amemwambia aamke, ameacha nusu ya alichoamrishwa.

Tugeukie sasa wale waliokatwa kisanduku chote cha sauti, maana hali yao ni ya peke yake na maswali yao ni mengi. Mtu huyu anapumua maisha yake yote kupitia tundu lililofunguliwa chini ya shingo. Njia yake ya hewa haikutani tena na njia ya chakula, kwa hiyo kupaliwa kwa namna tuliyoieleza humwondokea kwa kiasi kikubwa. Lakini hewa aivutayo haipiti puani kupashwa joto, kutiwa unyevu na kuchujwa, na kwa hiyo makohozi humzidi. Kifaa cha kuweka mdomoni hakimfai, kwani mdomo wake hauna hewa ya mapafuni. Mazoezi yake hufanywa tunduni kwa kiungio maalumu, chini ya uangalizi wa mtaalamu. Na jamaa zake wajue hili kabla ya siku ya dharura: akizimia, hewa anapulizwa shingoni, si mdomoni.

Katika udhu hana taabu kubwa, kwa kuwa shingo haimo katika viungo vya lazima. Kusukutua na kupandisha maji puani ni sunna kwa madhehebu ya Shafi'i ambayo wengi wetu tunayafuata. Yeye hawezi kuvuta maji kwa pua, na hana lawama. (Yule wa mionzi anayepaliwa asukutue kwa maji kidogo, kichwa kikiwa kimeinama mbele, na ateme, asiyazungushe kooni.) Josho la wajibu ndilo lenye hatari, kwani maji yakiingia tunduni yanaingia mapafuni. Tundu lifunikwe kwa kinga isiyopitisha maji lakini inayoacha nafasi ya kupumua, maji yamiminwe kuanzia mabegani kwenda chini, shingo na kichwa vioshwe kwa kitambaa kilichokamuliwa. Pasipowezekana kufikisha maji, mafakihi wameshaweka milango ya kupaka juu ya kinga na ya tayamamu, na sheikh wa karibu ataeleza lipi linamhusu. Kuogelea baharini kwake ni kujitia katika maangamizi.

Akisujudu makohozi yanaweza kumtoka. Na awe na kitambaa safi. Makohozi yatokayo kifuani si najisi kwa Mashafi'i, kwa hiyo swala yake haibatiliki kwa hayo. Kama kuinama kunambana pumzi, aswali kwa kukaa na kuashiria, kwani Imran bin Huswein (R.A.) alipokuwa mgonjwa alifundishwa na Mtume (S.A.W.) kuswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Kisomo je? Aliyekuwa na sauti ikampotea husogeza ulimi na midomo yake kadiri awezavyo, ndivyo walivyoeleza wanazuoni wa Kishafi'i, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu miongoni mwa wanaopoteza sauti wamo waadhini, maimamu na walimu wa madrasa, na huzuni yao hupita huzuni ya watu wengine. Mwalimu aliyesomesha tajwidi miaka 30, akijua pumzi moja inabeba aya ngapi, leo hawezi hata kuitikia amini kwa sauti. Nabii Musa (A.S.) aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, na akaomba pia apewe nduguye Harun amsaidie. Mwalimu huyo naye anahitaji Harun wake katika madrasa, mwanafunzi wa kumsomea naye akamsahihisha kwa kidole na kalamu. Kumwondolea darasa kwa huruma ni kumwondolea kilichobaki.

Kuhusu funga, kifupi: mgonjwa ameruhusiwa na Qur'ani kula, na anayelishwa kwa mpira au aliyeamriwa kunywa kidogo kidogo mchana kutwa asishindane na ruhusa hiyo. Asiyetarajiwa kupona hutoa fidya.

Turudi kwenye pumzi 25. Kinachowashinda wengi ni kuendelea. Wiki ya kwanza nyumba nzima hushangilia, wiki ya tatu kibomba kimo kabatini. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo, nasi hatuoni zoezi linaloeleza maana hiyo vizuri kuliko hili. Duru ni tano, na swala za faradhi ni tano. Mgonjwa anayechoka kuzimaliza kwa mkupuo amuulize mtaalamu kama anaweza kupuliza duru moja baada ya kila swala. Tumbo lisiwe limejaa. Mjukuu apewe daftari ya kuweka alama, maana watoto ni wakali wa hesabu na babu humwonea aibu mjukuu kuliko anavyomwonea daktari. Kwa mama zetu, ambao baadhi yao hukwepa kliniki kwa kuona haya kufunua shingo na kifua mbele ya mwanamume, mume au binti akifundishwa mara moja anaweza kusimamia nyumbani, na vipimo vya kila wiki viombewe mtaalamu wa kike pale anapopatikana.

Limebaki la fedha. Jumuiya zetu ni hodari wa kuchanga nauli ya India. Tangazo likitolewa baada ya swala ya Ijumaa kwamba fulani anakwenda kupasuliwa, vikapu hujaa, na jambo hilo ni jema. Lakini mtu huyo akirudi, au akimaliza mionzi yake pale Ocean Road, tangazo la pili halitolewi. Hakuna anayeuliza nauli ya daladala na basi ya kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo kila wiki, wala bei ya kibomba, wala ya vichujio vya tundu la shingo ambavyo hubadilishwa kila siku.  Fukara na masikini wametajwa mwanzo katika aya ya 60 ya Surat At-Tawba inayotaja wanaostahiki zaka, na mgonjwa aliyeuza kila kitu kwa ajili ya upasuaji anaingia humo bila ya ubishi.

Tunapendekeza kamati ya msikiti inayochangisha safari ya mgonjwa itenge tangu mwanzo fungu la miezi sita ya baada ya kurudi, na imteue mtu mmoja wa kulifuatilia. Kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, mtu huyo amuulize daktari mambo haya: anameza kwa usalama, na kipimo cha kumeza kimefanywa? Je, mazoezi ya pumzi yanamfaa, ya kutoa au ya kuvuta, na aanze lini? Nani atampima kila wiki karibu na kwake? Majibu yaandikwe kwenye karatasi na ibandikwe ukutani juu ya kitanda, mahali ambapo kila mzuru ataiona kabla ya kufungua chupa yake. Kifaa kinunuliwe kimoja kwa kila mgonjwa. Mwenyewe akifariki au akapona, kisitolewe wakfu kwa mwingine kama kiti cha magurudumu, kwa sababu kimeingia mate na pumzi ya mtu na hakisafishiki ipasavyo.